Nyoka na Ngazi za Malezi

Mjini Kisumu ni jambo la kawaida kuwaona wazee wameketi kivulini wakicheza ajua, mchezo wa Wajaluo ulio wa jamaa moja na bao la pwani. Mchezaji huchota mbegu katika shimo moja, akazitia moja moja katika mashimo yanayofuata. Mpita njia hudhani kwamba wanapoteza wakati. Walakini atazamaye vema ataona ya kuwa watu waliokaa mbele ya ubao huzungumza mambo ambayo mkutanoni wasingeyanena.

Jambo hilo lawafaa sana wazazi wa Migosi na wa vijiji vya kandokando ya Ziwa. Mara nyingi mama hufundishwa mengi kliniki, naye akirudi nyumbani humkuta baba ambaye hakuwapo, na nyanya mwenye mashauri yake. Basi mafundisho huishia mlangoni.

Ubao waweza kuwaleta wote pamoja. Mchezo wa nyoka na ngazi asili yake ni Bara Hindi, ambako ngazi zilikuwa mfano wa matendo mema, na nyoka mfano wa maovu. Waingereza waliuchukua kwao mwishoni mwa karne ya 19. Si vigumu kuugeuza uwe mchezo wa malezi. Kinachotakiwa ni kadibodi, kalamu, dadu moja na vizibo vya soda. Penye ngazi huandikwa: "Baba amempeleka mtoto kupata chanjo ya wiki ya 6," au "Mama amezungumza na mtoto huku akimwogesha." Penye nyoka huandikwa: "Mtoto amelala bila chandarua," au "Mtoto wa miezi 4 amepewa uji," au "Mtoto amepigwa kabla ya kuulizwa."

Sharti ni moja: mchezaji hapandi wala hashuki mpaka aeleze sababu. Hapo ndipo penye faida. Nyanya akimfikia nyoka wa uji, pengine atasema kwamba watoto wake wote walilishwa mapema na wakakua. Hapana aliyemvunjia heshima, kwa kuwa aliyemshusha ni nyoka, si mkazamwana wake. Kisha mhudumu wa afya ataeleza kwamba maziwa ya mama yamtosha mtoto miezi 6 ya kwanza, na ya kuwa uji wa mapema waweza kumletea ugonjwa wa kuhara.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia walitaja mambo 5 yampasayo kila mtoto mdogo: afya, lishe, usalama, kujifunza tangu utotoni, na mzazi anayeitikia ishara zake. Hili la mwisho husahauliwa kwa kuwa halina dawa wala sindano. Lakini mtoto mchanga akitoa sauti, naye akajibiwa, ameanza kujifunza kusema.

Akikua, naye aitwe kwenye ubao. Ajua itamfundisha kuhesabu, kungoja zamu yake, na kushindwa bila kununa. Ila mbegu na vizibo viwekwe mbali na watoto wa chini ya miaka 3, maana huweza kuwakaba koo.

Baba akaaye nusu saa na mwanawe mbele ya ubao hapotezi wakati. Mbegu zile azitiazo mashimoni leo, mavuno yake atayaona mtoto atakapokuwa mtu mzima.