Kuuliza Wafanyakazi Kuna Njia Yake



Katika shamba moja la chai magharibi mwa Uganda tulikaa mezani na meneja kuzungumza habari ya mizani. Tulimwambia, "Wafanyakazi wote wanalalamika kwamba kilo zao zinakatwa kupita kiasi." Akatuuliza, "Wangapi? Kwenye mizani ipi? Kilo ngapi kwa siku?" Hatukuwa na jibu. Tukatoka mikono mitupu, na wachumaji wakaendelea kukatwa.

Basi tukafanya uchunguzi, na wa kwanza tuliuharibu wenyewe. Tuliwauliza waliokuja kwenye mkutano wa Jumapili. Wengi wao walikuwa wanaume wakaao karibu na kiwanda. Wanawake wenye watoto, na watu wa kambi za mbali, hawakuonekana. Meneja akasema tumeuliza marafiki zetu. Hapo alisema kweli.

Kosa hilo limewapata hata wakubwa. Mwaka 1936 huko Marekani gazeti la Literary Digest lilipeleka karatasi za kura kwa watu kama milioni 10, likapata majibu zaidi ya milioni 2. Likatangaza kwamba Landon atamshinda Roosevelt. Roosevelt akashinda katika majimbo 46 kati ya 48. Anwani nyingi zilitoka katika vitabu vya simu na orodha za wenye motokaa, na wakati ule wa shida maskini wengi hawakuwa na simu wala motokaa. Tena wengi walioletewa karatasi hawakuzirudisha. Wingi wa majibu hauponyi uchaguzi mbaya wa watu.

NANI AULIZWE?

Tafuteni orodha ya watu wote wa shamba. Msisahau vibarua ambao hawamo katika kitabu cha mahudhurio, waandikeni nao. Tuseme ni watu 600 na mnataka kuuliza 60. Andikeni vikaratasi namba 1 hadi 10, mvute kimoja. Kikitoka 7, mwulizeni mtu wa 7, wa 17, wa 27, hivyo hivyo hadi mwisho. Asiwepo wa kusema, "Huyu mjuzi, tumwulize yeye." Asipokuwa nyumbani, rudini jioni, rudini kesho. Msichukue jirani yake kwa kuwa yupo karibu.

Watu wangapi wanatosha? Katika shamba kubwa, mkiuliza 100 kwa njia ya kura, na 60 wakasema ndiyo, kwa kawaida ukweli wa shamba zima utakuwa kati ya 50 na 70 katika kila 100. Mkiuliza 400, na 240 wakasema ndiyo, utakuwa kati ya 55 na 65. Kupunguza kosa kwa nusu kunataka watu mara nne. Pimeni nguvu zenu.

MASWALI

Msiulize, "Je, mizani inakuibia?" Swali hilo limekwisha kujijibu. Ulizeni, "Jana karani alisoma kilo ngapi? Alikata ngapi za kikapu na za maji? Ulipimiwa kwenye mizani ipi?" Ulizeni ya jana, maana ya mwaka jana mtu hayakumbuki. Jambo moja kwa swali moja: ukiuliza kama nyumba na maji ni vizuri, mwenye nyumba nzuri na maji mabaya atajibuje?

Wafanyakazi wetu wametoka pande nyingi. Asiyejua Kiswahili vizuri aulizwe kwa Kirukiga au Kilugbara, lakini maneno ya tafsiri yakubaliwe mapema ili swali lisibadilike njiani. Kwanza jaribuni kwa watu watano. Pale wanapokwama, swali ndilo bovu.

USALAMA

Aliyejibu asiandikwe jina. Mnyapara asiwe karibu. Wanawake waulizwe na wanawake, hasa mambo ya mnyapara kuwasumbua. Karatasi zitunzwe na mtu mmoja mwaminifu. Mtu mmoja akifukuzwa kwa ajili ya jibu lake, hakuna atakayewajibu tena.

TULICHOKIONA

Mara ya pili tulifuata njia hii. Majibu yalitushangaza: si mizani zote zilizolalamikiwa. Malalamiko mengi yalitoka kwenye mizani moja, kwingine yalikuwa machache. Wenzetu wengine walitaka tulifiche jambo hilo. Tulikataa. Kwanza tuliwasomea wafanyakazi majibu yote, kambi kwa kambi, kisha tukaenda kwa meneja kuitaja mizani ile moja na kilo zake. Safari hii hakuwa na la kuuliza. Mizani ikakaguliwa, na mjumbe wa chama akaruhusiwa kusimama karibu na karani wakati wa kupima.

Makatibu wa matawi, kabla ya kikao kijacho cha mapatano, anzeni na orodha ya watu.

Umoja ni nguvu.