Huzuni na Maradhi ya Sukari

Napenda kuzungumza nanyi juu ya jambo lililotokea nyumbani kwangu, kwani huenda likawafaa na wengine.

Huu ni mwaka wa nane tangu nipatwe na maradhi ya sukari. Mwaka jana mama yangu aliugua miezi mitatu, nami nikawa usiku namuuguza na mchana nasomesha. Chai niliinywa bila ya sukari, halua sikuionja, na dawa sikuiacha hata siku moja. Lakini kila nilipopimwa, sukari ilikuwa juu. Watu wa nyumbani wakanishuku kuwa nala vitamu kwa siri. Mke wangu akalificha kopo la sukari, na wanangu wakawa wakinitazama kila nitiapo mkono mfukoni. Ikawa dhiki juu ya dhiki, na sukari ikazidi kupanda.

Nilipokwenda kwa tabibu hakuniuliza nimekula nini. Aliniuliza, "Mwalimu, walala?"

Kisha akanieleza. Mwili wa mwanadamu ukipatwa na khofu au huzuni hujitayarisha kana kwamba adui yu mlangoni. Tezi zilizo juu ya figo humwaga katika damu homoni ziitwazo adrenalini na kotisoli. Hizo huliamrisha ini kufungua ghala yake na kutoa sukari, ili viungo vipate nguvu za kukimbia au kupigana. Na kotisoli huidhoofisha kazi ya insulini. Mtu mwenye afya, kongosho lake huongeza insulini, mambo yakatulia. Ama mgonjwa hana akiba hiyo. Sukari hubaki katika damu ingawa hakula tonge.

Wala habari hii si ngeni. Thomas Willis, tabibu wa Uingereza aliyefariki mwaka 1675, aliitaja huzuni ndefu miongoni mwa sababu za maradhi haya. Na mwaka 1911, huko Marekani, Walter Cannon alionyesha kuwa paka aliyetishwa hutoa mkojo wenye sukari.

Hata hivyo, tusipite mpaka. Si kila mwenye huzuni hupata sukari. Urithi, unene, umri na uchache wa kutembea vyote vina sehemu yake. Wala utulivu wa moyo si badala ya dawa.

Tena jihadharini na jambo hili. Mwenye kutumia insulini, au baadhi ya vidonge, sukari yake ikishuka mno hutetemeka, hutoka jasho, na moyo humwenda mbio, akaonekana kama mwenye khofu. Msimwambie "tulia" mkamwacha. Mpimeni, na kama hapana kipimo, mpeni sukari upesi, maadamu aweza kumeza. Akizimia, msimtie kitu kinywani, mkimbizeni hospitali.

Niliporudi nyumbani niliwaeleza watu wangu maneno ya tabibu. Mke wangu akalirudisha kopo mahali pake, asiseme neno. Ndugu zangu wakashika zamu za kumuuguza mama, nami nikapata usingizi. Kwa dawa zile zile na chakula kile kile, sukari ikashuka kidogo kidogo.

Basi enyi vijana, mkiona sukari ya mzazi wenu imepanda, msianze kwa kumpekua. Kaeni naye kwanza, mumuulize ameamkaje na moyoni ana nini.