Mchele wa Bugarama na mashine ya kunyonya hewa

Bonde la Bugarama, wilayani Rusizi, ndiko ardhi ya Rwanda inakoshuka chini kuliko kwingine kote, chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Joto lake na maji yake vimelifanya kuwa shamba la mpunga, likipakana na Kongo na Burundi. Mchele wa gunia hauna jina. Ukishatoka kinuni, mnunuzi haulizi umelimwa wapi. Ndiyo maana wakoboaji wadogo na vyama vya ushirika wanafikiria pakiti za kilo moja, mbili na tano zenye lebo yao, na swali linalofuata ni mashine ipi ya kufungashia wanunue.

Waanze na sheria. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na sheria ya 2019 ikaongeza vifaa vya plastiki vinavyotumika mara moja. Mifuko ya kunyonya hewa ni plastiki. Mwenye mashine asiyeruhusiwa kutumia mifuko yake amenunua chuma cha kuweka stoo, kwa hiyo apate jibu la maandishi kutoka REMA, mamlaka ya mazingira, kabla ya kulipa chochote.

Mashine za bei nafuu hunyonya hewa kwenye mdomo wa mfuko uliobaki nje ya mashine. Zinadai mifuko yenye vifereji maalumu ndani, ambayo ni ghali, na mota zake hupata joto haraka zikifanya kazi mfululizo. Zilitengenezwa kwa ajili ya jikoni. Mashine ya chemba, ambayo mfuko mzima huingia ndani na kifuniko kikafungwa, hutumia mifuko laini ya kawaida, ile yenye nailoni nje na politheni ndani, na hufanya kazi kutwa. Ina uzito, inataka umeme wa uhakika, na pampu yake hubadilishwa mafuta. Kwa biashara, ninaichagua hiyo.

Lakini mchele una tabia yake. Hewa ikitoka, mfuko hubanwa kwa nguvu na ncha za chenga huutoboa. Tundu lisiloonekana kwa macho latosha kurudisha hewa, na fukusi waliomo wakaendelea kuishi. Mfuko mwembamba haufai, hata muuzaji akiusifu. Tena, mchele wenye unyevu uliozidi asilimia 14 huharibika hata ukinyonywa hewa. Kipimo cha unyevu, mzani uliohakikiwa na mashine ya kuziba kwa kanyagio vinaweza kumpeleka mkoboaji mdogo sokoni bila chemba. Chemba ingefaa inunuliwe na ushirika, itumike kwa zamu.

Atakayetaka kuitumia kwa samaki awe mwangalifu zaidi: bakteria wa sumu ya botulini hustawi pasipo hewa, hivyo samaki mbichi au aliyekaushwa nusu lazima akae kwenye baridi kali.

Kwenye lebo, hali ya hewa ya Bugarama inaamua. Printa inayochoma karatasi moja kwa moja haihitaji wino, ila maandishi yake hufifia juani na karatasi huweza kuwa nyeusi kwenye joto. Printa ya utepe ni bora kwa tarehe, namba ya toleo na msimbopau. Jina, uzito halisi na anwani ya mzalishaji viwe vikubwa vya kusomeka, kwa Kinyarwanda na Kiswahili, ambacho kimekuwa lugha rasmi nchini tangu 2017 na ndicho wafanyabiashara wa ng'ambo ya Mto Rusizi wanachokielewa. Alama ya ubora ya RSB, shirika la viwango la Rwanda, isichapwe kabla haijatolewa.

Ukienda kununua, beba mchele wako mwenyewe, pamoja na chenga zake. Muuzaji akufungashie mbele yako pakiti kadhaa, uondoke nazo, uzirundike stoo kwa wiki mbili. Zikilegea, usimpe pesa yako.