Wadudu na Panya wa Nyumbani: Namna ya Kuwatambua na Kuwazuia

Ndugu Wanachama,

Katika mkutano uliopita wengi wenu mliniuliza habari za madaftari ya mapokezi ya karafuu ya misimu miwili, nami niliahidi kujibu katika ukurasa huu. Jibu lenyewe ni la aibu. Madaftari yale hayakuibiwa wala hayakupotea njiani. Yameliwa na mchwa ndani ya sanduku langu, nyumbani kwangu.

Nililiweka sanduku sakafuni, limeegemea ukuta wa udongo, nikatia kufuli, kisha nikavuka bara kwa muda wa majuma sita. Niliporudi nilikuta kufuli zima na mfuniko mzima. Nilipofungua, ndani hamkuwa na kitu ila udongo mwekundu na vipande vya majalada. Mchwa walitoboa chini, hawakuwa na haja ya ufunguo. Mzee mmoja wa chama aliponisikia alisema, "Basi Katibu, mwaka huu karafuu zangu zimeliwa na mchwa, nami sikujua kuwa huzila." Alicheka, lakini nilifahamu kuwa hakuwa akicheka moyoni, maana mle mlikuwa na hesabu ya pishi zake.

Kwa hiyo nimeona yafaa niandike yale niliyojifunza tangu siku ile, kwa kusoma na kwa kuuliza, ili asipate mwingine hasara kama yangu.

Nianze na mchwa mwenyewe. Mchwa wa ardhini ana ngozi laini, na akikaa kwenye hewa kavu hufa upesi. Ndiyo sababu hujenga njia ya udongo mbichi, nyembamba kama kidole, kutoka ardhini kupanda ukutani. Ukiiona njia hiyo, ivunje. Ukirudi kesho ukikuta imejengwa tena, ujue wamo kazini. Wengi hudhani wakiona kumbikumbi wakiruka baada ya mvua kuwa ni mchezo wa watoto. Kumbikumbi ni mchwa wenyewe waliotoka kwenda kuanzisha miji mipya. Kumbikumbi ana mabawa manne yaliyo sawa kwa urefu na hana kiuno. Sisimizi mwenye mabawa ana kiuno chembamba, na mabawa yake ya mbele ni marefu kuliko ya nyuma. Ukikuta mabawa mengi yamepukutika ndani ya nyumba, chunguza miimo ya milango.

Yuko na mchwa wa pili, wa mbao kavu. Huyu hahitaji udongo wala hajengi njia. Hukaa ndani ya kiti au kabati lako miaka mingi, na dalili yake ni chembe ndogo kavu mfano wa ufuta zilizorundikana chini. Gonga mbao, ikilia kama tupu, ni tupu.

Wazee wetu walijua dawa ya mchwa kabla ya dawa za dukani. Walijengea boriti za mkoko na mkandaa, ambazo mchwa hazipendi, na hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya majahazi yapakie boriti za Rufiji kuzipeleka Arabuni kwa karne nyingi. Siku hizi tunajengea mti wowote ulio karibu, kisha tunashangaa. Inueni msingi juu ya ardhi, msirundike kuni wala makuti kwenye ukuta, na kitu cha karatasi au nguo kisikae sakafuni. Wako wanaopaka nguzo oili chafu ya mashine. Inazuia kwa muda, lakini haifai karibu na kisima, maana hushuka na maji ya mvua.

Sasa panya. Hapa nataka mfikiri juu ya Shungimbili. Kisiwa kile ni kidogo, cha mchanga na vichaka, na kasa hupanda kutaga. Panya hawezi kuogelea kutoka Kilindoni mpaka Shungimbili. Akionekana huko, ameletwa na chombo, pamoja na mchele au magunia. Na panya mmoja mwenye mimba atosha. Huchukua mimba muda wa majuma matatu tu, na watoto wake wakifika miezi mitatu hivi nao huanza kuzaa. Katika visiwa vidogo vingi duniani panya wa vyombo wamemaliza mayai ya ndege na makinda ya kasa. Hata kisiwa chetu kikubwa ni hivyo hivyo: karibu kila mdudu mbaya wa nyumba alikuja na mzigo. Kunguru wa Bara Hindi, anayewasumbua Waunguja kwa wizi wake, aliletwa huko kwa meli mwishoni mwa karne ya 19, eti asaidie kusafisha taka!

Kwa hiyo mlinzi wa kwanza wa nyumba yako ni wewe mwenyewe pale ufukweni. Ukipokea gunia kutoka Nyamisati au Kisiju, lifungue nje, ulikung'ute juani, ndipo uliingize.

Panya wa darini ana masikio makubwa na mkia mrefu kuliko mwili wake, naye ndiye apandaye minazi na makuti. Panya mdogo wa nyumbani hupita katika tundu linaloingia kalamu. Basi kuziba matundu makubwa peke yake hakusaidii. Zibeni kwa saruji au kwa vipande vya bati, si kwa matambara. Mnazi unaoinamia paa la nyumba uvisheni bati shinani, kama tulivyofanya mashambani. Sumu ya panya iuzwayo bila karatasi ya maelezo msiinunue kabisa. Kuku hula, paka hula panya aliyekufa, na mtoto huokota. Mtego na paka ni salama zaidi, na chakula kilichofunikwa ni bora kuliko vyote viwili. Msidhani ni hasara ya chakula tu. Wilaya ya Lushoto ilipatwa na tauni tangu mwaka 1980, ikarudi mara kwa mara kwa miaka zaidi ya 20, na ugonjwa ule hutoka kwa panya kuja kwa watu kwa njia ya viroboto.

Kwa makopa na mahindi, fukusi tunamjua. Mgeni ni dumuzi. Ni mdudu mfupi, mweusi wa kahawia, umbo lake kama kipande cha kijiti, urefu milimita tatu au nne. Alitoka Amerika ya Kati, akaonekana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, na wenyeji wakampa jina la Scania, kama malori, kwa jinsi anavyosaga. Dalili yake ni unga mwingi kuliko tundu. Hupenda mahindi yaliyo katika magunzi, kwa hiyo pukuchua kwanza, anika mpaka yakauke barabara, kisha tia katika pipa au dumu lililojaa mpaka mdomoni na kufungwa hewa isiingie. Wadudu waliomo hufa kwa kukosa pumzi. Makopa nayo vivyo hivyo.

Mbu nitawataja kwa urefu kidogo, maana wengi husema "mbu" kana kwamba ni mmoja. Wako watatu wa kuwajua. Mbu wa malaria akitua huinua mkia juu, naye huzaa katika madimbwi na majaruba ya mpunga. Mbu wa kidingapopo ni mweusi mwenye madoa meupe miguuni, huuma mchana, na huzaa katika makopo, mitungi, na vifuu vya nazi vilivyotupwa uani. Nani kati yetu hana vifuu uani? Vifunikeni au vichomeni. Wa tatu hutua mwili wake umelala sambamba na ukuta, huuma usiku, na makao yake ni shimo la choo. Huyo ndiye aliyetuletea matende na mabusha, maradhi ambayo kisiwa chetu kinayajua sana, hata ugawaji wa dawa zake Tanzania ulianzia hapa Mafia mwaka 2000.

Juu ya huyu wa choo iko habari njema ya jirani zetu. Huko Makunduchi, Unguja, mwaka 1988 wataalamu walimwaga katika mashimo ya vyoo vyenye maji chembechembe nyeupe nyepesi, zile za povu gumu linalotumika kufungia mashine zisivunjike. Chembe hizo huelea zikafanya tabaka. Kiluwiluwi hana budi kupanda juu kuvuta pumzi. Akikuta tabaka limeziba hufa, na mbu mkubwa hapati pa kutaga. Tabaka la sentimita moja latosha, wala haliozi, hudumu miaka. Wakati ule ule watu walipewa dawa ya matende, na mbu wa vyooni wakapungua mno. Nimetaja habari hii kwa sababu haihitaji sumu. Lakini msije mkaacha vyandarua, kwa kuwa mbu wa malaria hazai chooni.

Mtaniuliza: je, karafuu yetu haifukuzi wadudu? Mafuta ya karafuu hufukuza mbu kwa saa chache, ila yasiyochanganywa huwasha ngozi, na mtoto asipakwe. Karafuu kavu katika sanduku la nguo hutia harufu nzuri, na pengine nondo hawaipendi, lakini mimi nilikuwa na karafuu ndani ya sanduku lile lile lililoliwa. Basi hukumuni wenyewe.

Kunguni ni bapa, mwekundu wa kahawia, mkubwa kiasi cha punje ya dengu. Tazameni madoa meusi kwenye shuka na katika maungio ya matendegu. Msitegemee dawa ya kupuliza. Kunguni walizoea DDT zamani, habari ya kwanza ikitoka Hawaii mwaka 1947, na hizi mpya nyingi wamezizoea pia. Maji yanayochemka yakimwagwa katika kamba na viungo vya kitanda huua kunguni na mayai yake. Rudieni baada ya siku kumi. Nguo zichemsheni. Kuhamia chumba kingine ni bure, maana aweza kukaa miezi bila kula.

Mende sina mengi: vyombo visilale vichafu. Na mjusi kafiri hula mbu na mende. Juu ya kumwua au kumwacha waulizeni masheikh, si mimi.

Sasa narudi kwa madaftari. Kila mwanachama mwenye stakabadhi za misimu ile miwili azilete ofisini. Nitazinakili mbele yake, naye ataondoka na stakabadhi zake mkononi. Asiye nazo aje na mashahidi wawili waliokuwapo siku ya kupima. Daftari jipya limo ndani ya debe la bati lenye kifuniko, debe li juu ya meza, na miguu ya meza imo ndani ya makopo yenye mafuta ya taa. Nakala ya pili iko kwa Mweka Hazina, nyumba nyingine.

Wenu katika kazi,
Katibu