Leseni za Programu Katika Nchi ya Chai

Mkulima wa Konoin au Bureti afikishapo majani yake mabichi katika kituo cha kununulia chai, yakatundikwa kwenye mizani ya kidijitali na karani akamkabidhi risiti ya kilo zake, hujali usahihi wa uzani na kima cha malipo ya mwisho wa mwezi, na ni haki yake kujali hayo. Wala si faradhi juu yake kujua kwamba programu zinazohesabu kilo na shilingi aghalabu haziandikwi zote na mtu mmoja, bali hujengwa juu ya vipande vya msimbo vilivyotungwa na watu wa mbali, waliovitoa kwa hiari yao vitumiwe na yeyote, lakini kwa masharti. Wenye kazi huviita vipande hivyo maktaba. Na masharti yake, ambayo ndiyo leseni, huweza kuukata uchaguzi wao kabla hata uzuri wa maktaba yenyewe haujatazamwa.

Tuchukue mathalani kijana aliyesoma Chuo Kikuu cha Kabianga, ambaye chama cha ushirika kimemwagiza programu ya kuwaandalia wakulima taarifa za malipo na za bonasi, wazifungue kwa simu zao zikiwa faili za PDF. Akiwa anaandika kwa lugha ya programu ya Java, jina litakalomjia upesi ni iText, maktaba yenye nguvu na ya siku nyingi. Lakini tangu toleo lake la 5, la mwaka 2009, iText imo chini ya leseni ya AGPL, inayotaka kwamba programu iliyojengwa juu yake, ikiwahudumia watu kwa njia ya mtandao, watu hao wapewe nafasi ya kuupata msimbo wake mzima. Na asiyeliridhia sharti hilo anunue leseni ya kibiashara. Ikiwa kijana huyu amekwisha kukiahidi chama kwamba msimbo utakuwa milki ya chama hicho peke yake, wala bajeti haina fungu la leseni, hana budi kuiacha iText, hata kama ameipenda. Atakimbilia PDFBox, iliyo chini ya leseni ya Apache, isiyomdai zaidi ya kuhifadhi notisi na majina ya wenye haki. Ila PDFBox haimpangii jedwali, na kila mstari unaotenga kilo na shilingi itambidi aupigie hesabu na kuuchora mwenyewe. Ama atachagua OpenPDF, iliyotokana na iText ya zamani, ya kabla ya badiliko lile, na ambayo masharti yake ni mepesi zaidi.

Sharti la AGPL lina asili yake katika leseni ya GPL, aliyoitoa Mmarekani Richard Stallman mwaka 1989, na watu wa mwambao, wanaojua wakfu ulivyo, hawatapata taabu kuifahamu: kisima kilichowekwa wakfu hunywewa na wote, na anayekichimba zaidi hapati kwa kazi hiyo haki ya kukizungushia ukuta. Wapo watengenezaji wanaoilaumu leseni hii kana kwamba ni mtego. Mimi naona wanaidhulumu, kwa maana haikumficha mtu jambo, na aliyetoa jasho lake bure ana haki ya kutaka lisije likafungiwa na wengine.

Wala hatuhitaji kwenda mbali kuona leseni iliyochaguliwa kwa busara inavyozaa matunda. Mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uitwao OpenMRS ulianza mwaka 2004, kutokana na mahitaji ya kliniki za mpango wa afya wa AMPATH, za Eldoret na pande zake, ambako Chuo Kikuu cha Moi kilishirikiana na vyuo vya Marekani. Leseni yake ni ya ukoo wa Mozilla: alibadilishaye faili la asili, akalisambaza, sharti alitoe wazi, ilhali moduli aliyoiandika mwenyewe kando yake ni hiari yake. Juu ya msingi huo ikajengwa KenyaEMR, ikaenea katika mamia ya vituo vya afya nchini. Na hadi leo anayetaka kuiongezea OpenMRS maktaba mpya hutazama kwanza kama leseni ya maktaba hiyo inaafikiana na ya mfumo.

Hatari kubwa kuliko zote ni msimbo usio na leseni kabisa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huihesabu programu ya kompyuta miongoni mwa kazi za maandishi, ikailinda kama ilindavyo kitabu. Kwa hiyo msimbo uliowekwa hadharani bila leseni, japo kila mtu aweza kuusoma, hakuna aliyeruhusiwa kuunakili katika kazi yake. Vijana wetu wengi hudhani uwazi ndio ruhusa, na programu wanazouza huingia ofisini zikiwa na mali ya watu ndani yake.

Nazisihi basi serikali za kaunti za Kericho na Bomet, pamoja na viwanda vya chai na vyama vya ushirika, ziagizapo programu, zidai ndani ya mkataba orodha ya maktaba zote zilizotumika na leseni ya kila moja. Nanyi mnaoweka msimbo wenu hadharani, wekeni faili la leseni siku ile ile mnayouweka.