Jicho la Linz: Biskuti za Krismasi na Urithi wa Mdomo

Katika familia nyingi za Austria, Majilio, yaani majuma yanayotangulia Krismasi, ni msimu wa kuoka biskuti. Mojawapo huitwa Linzer Auge, maana yake "jicho la Linz". Jina hili ni la kitamathali: vipande viwili vya mviringo huokwa, kisha huunganishwa kwa jamu nyekundu, cha juu hutobolewa ili jamu ichungulie mfano wa mboni.

Keki ya Linzer Torte, iliyo jamaa ya biskuti hii, ina mapishi yaliyoandikwa tangu mwaka 1653. Hata hivyo, waokaji wengi hutegemea hesabu ya kukariri: sukari sehemu moja, siagi mbili, unga tatu. Hesabu hii hufanana na fomula katika fasihi simulizi: huhifadhi kiini, si utendaji. Haisemi kwamba siagi iwe baridi, wala kwamba donge lipumzishwe kabla ya kusukumwa. Hayo mtoto huyapata mezani, kando ya nyanya yake. Hivyo basi, familia ikiacha kuoka pamoja, hesabu itabaki, lakini ujuzi utapotea.