Baiskeli ya Umeme Katika Njia za Ngezi

Baiskeli si mgeni Pemba. Lami ilipofika Konde iliikuta baiskeli imekwishatangulia. Ndiyo iliyobeba gunia la karafuu, mkungu wa ndizi na dumu la maji, na mara nyingine mgonjwa aliyekaa juu ya keria huku jamaa wawili wakimshikilia, mmoja kulia na mmoja kushoto. Kwa hiyo rafiki yangu mmoja, afanyaye kazi ya kutembeza wageni, aliponiambia kwamba amepata baiskeli ya mlimani yenye umeme, na kwamba angependa niijaribu katika njia mbovu nitakazozichagua mwenyewe, sikuitika kwa hamu. Nalimjibu kwamba anayetaka umeme wa kumsukuma na anunue pikipiki, na asiyeutaka atumie miguu aliyopewa na Mwenyezi Mungu. Baada ya siku moja njiani sina budi kuyarudisha maneno hayo, lakini si yote.

Kwanza tuieleze mashine yenyewe, maana wengi huidhani kuwa ni pikipiki iliyopungukiwa. Wazo lake ni la zamani. Mmarekani Ogden Bolton, wa Canton katika jimbo la Ohio, alipewa hataza ya baiskeli ya betri tarehe 31 Desemba, 1895. Kilichokosekana siku zile ni betri nyepesi, pamoja na namna ya kuuzuia umeme usimpokonye mpandaji kazi yake. Mwaka 1993 kampuni ya Yamaha ya Japani ilitoa baiskeli ambayo mota yake huamka pale tu mpandaji anapokanyaga pedali, na hulala anapoacha. Baiskeli ya mlimani nayo ilizaliwa California katika miaka ya 1970, pale vijana wa Marin walipozoea kuziteremsha baiskeli kuukuu katika njia za mlima Tamalpais, kwa kasi iliyoiteketeza grisi iliyokuwamo ndani ya breki. Hii niliyoipanda mimi ni mtoto wa wazazi hao wawili.

Mota yake imefichwa baina ya pedali mbili. Hapo pana kifaa kinachopima nguvu ya mguu bila ya kupumzika. Ukikanyaga kidogo hukuongezea kidogo, ukikanyaga sana hukuongezea sana. Nguvu ya mota ni wati 250. Mtu mzima wa kawaida, asiye mwanariadha, huweza kutoa wati 75 hadi 100 kwa muda wa saa nzima, basi ni kama mtu aliyepata wasaidizi wawili au watatu wasio na uzito. Mwendo ukifika kilomita 25 kwa saa, wasaidizi hao huondoka, na anayetaka kwenda mbio zaidi atoe jasho lake. Ina springi mbele na nyuma, matairi mapana yenye meno, na breki za sahani zinazobana kwa mafuta. Uzito wake ni kilo 24, karibu mara mbili ya baiskeli ya mlimani isiyo na umeme.

Tuliondoka Konde asubuhi, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha. Rafiki yangu alipanda baiskeli yake ya kawaida, mimi nikapanda hiyo ya umeme, tukaiacha barabara na kuingia njia za mashamba. Vilima vya Pemba si virefu. Hakuna hata kimoja kinachofika mita mia mbili. Lakini havina subira. Njia hushuka ghafla hadi kwenye bonde la mpunga, huvuka maji juu ya magogo mawili, kisha hupanda papo hapo juu ya udongo mwekundu ambao, ukilowa, huteleza kama sabuni.

Kilima cha kwanza nilikipanda kwa kiburi. Niliweka msaada katika daraja la juu kabisa, nikakanyaga kwa nguvu zangu zote, na gurudumu la mbele likainuka kama farasi aliyestuka. La nyuma likazunguka palepale, nikajikuta nimekaa kwenye tope chini ya mkarafuu, baiskeli juu yangu. Umeme haumfundishi mtu kuendesha. Ilinichukua kilomita kadhaa kuelewa kwamba mashine hii haipendi mguu wa hasira. Hapana budi kuweka gia nyepesi, kukaa mbele ya kiti, kuinamia usukani, na kukanyaga sawasawa bila ya kukatiza. Ukifanya hivyo hupanda penye mizizi na mawe bila ya kusita, mahali ambapo rafiki yangu, kijana aliyenizidi nguvu kwa mbali, alishuka na kusukuma. Nilimsubiri juu ya kilima, nikipumua kama mtu anayezungumza barazani. Sitaficha kwamba nilifurahi.

Katika msitu wa Ngezi, tulioingia kwa ruhusa ya wasimamizi wake, njia ni nyembamba na kivuli ni kizito. Hapo niliona uzuri mwingine. Pikipiki ikipita msituni kila kiumbe hujua. Mashine hii ilitoa mvumo mdogo tu, mfano wa cherehani katika chumba cha jirani, na popo wakubwa wa Pemba, wasiopatikana kwengineko duniani, waliendelea kuning'inia bila ya kushughulika nasi. Wakati wa kuteremka uzito wake huiweka imara juu ya mawe, lakini uzito huohuo hauna huruma kwa anayechelewa kufunga breki.

Kabla ya hapo, kule mashambani, tulimkuta mzee mmoja akisukuma baiskeli ya chuma iliyofungwa magunia mawili ya karafuu mbichi. Nikamwamkia, akaitikia, akaitazama mashine yangu kuanzia gurudumu hadi gurudumu.

"Mwanangu, hiyo inakunywa nini?"

"Umeme, babu. Ukikanyaga nayo inakanyaga."

Akaomba kuipanda. Akaegemeza magunia yake mgombani, akakunja kanzu, akaupanda mlima ule ambao alikuwa akijiandaa kuusukumia mzigo wake, akageuka na kurudi akicheka kama mtoto. Aliposhuka alizunguka nyuma ya kiti, akapapasa kwa mkono.

"Keria iko wapi?"

Nikamweleza kwamba haina, na kwamba kwa ajili ya springi ya nyuma si rahisi kuifunga.

"Ahaa," akasema, "basi hii ametengenezewa mtu asiyekuwa na cha kubeba."

Akaishika baiskeli yake ya chuma akaendelea kusukuma. Katika maelezo yote niliyopata kuyasikia juu ya chombo hiki sijasikia hukumu fupi kuliko hiyo.

Tukaendelea hadi Vumawimbi, na mchanga ukamaliza maringo yangu. Mchanga mkavu hunywa nguvu kuliko mlima. Betri yetu hubeba wati 500 kwa saa moja, yaani nusu uniti ya umeme. Hii ni rahisi mno kwa mfuko wa mtu, na tukumbuke kwamba tangu mwaka 2010 umeme wa Pemba huja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga badala ya kutegemea mashine za dizeli peke yake. Katika ardhi ya kawaida nusu uniti ingetutosha kwenda na kurudi. Lakini nilikwishaiharibu asubuhi kwa kiburi, na mchanga ukachukua iliyobaki. Tulipokuwa tukirudi, kilomita chache kabla ya Konde, taa ya usukani ilizimika. Kilo 24 bila ya msaada, juu ya kilima cha tope, ni adhabu. Nikashuka nikasukuma, na rafiki yangu akanipita akipiga kengele.

Mtu anayesukuma ana nafasi ya kufikiri, nami nilifikiri juu ya wakubwa wetu wa Serikali. Chombo hiki kitakuja visiwani, tukipenda tusipende, na la kwanza litakaloulizwa bandarini na barabarani ni hili: ni baiskeli au ni pikipiki? Nchi za Umoja wa Ulaya zimekwishajibu. Ikiwa mota haizidi wati 250, haifanyi kazi ila mtu akanyage, na hujitoa mwendo unapofika kilomita 25 kwa saa, basi ni baiskeli, haina nambari wala leseni. Ikizidi hapo huhesabiwa kuwa chombo cha moto. Mpaka wa namna hiyo ni mzuri kwa sababu askari anaweza kuupima. Tusipouweka mapema, pikipiki za umeme zenye mkono wa kuvuta mwendo zitaingia kwa jina la baiskeli, au mzee wa karafuu atatozwa ada za pikipiki kwa kitu anachokikanyaga kwa miguu yake. Yote mawili yatakuwa dhuluma.

Kuhusu misitu, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Marekani iliagiza mwezi Agosti 2019 kwamba baiskeli za umeme ziruhusiwe katika ardhi inazozisimamia, pale zinaporuhusiwa baiskeli za kawaida. Kwa Ngezi ningekuwa mkali zaidi, maana msitu wetu ni mdogo na njia zake ni laini. Zipite katika njia zilizowekwa, na zisipite siku za mvua kubwa. Mfereji nilioukata kwa gurudumu asubuhi ile katika njia ya mashamba, siku ile moja, nimeuona kwa macho yangu niliporudi, nao ulikuwa umekwishajaa maji.

Jambo kubwa zaidi ni betri. Mjini New York, katika mwaka 2023 peke yake, moto wa betri za lithiamu uliua watu 18, na wengi wa moto huo ulitokana na vyombo vidogo vya umeme. Jiji hilo likapiga marufuku kuuza baiskeli ambazo betri zake hazikupimwa usalama. Katika nyumba zetu za makuti, ambamo chombo cha thamani hulazwa ndani karibu na kitanda, betri hafifu ya bei rahisi ni hatari kuliko jiko la mafuta. Na betri ikifa, maana baada ya kuchajiwa mamia ya mara huchoka, itatupwa wapi? Isije ikaishia katika mikoko. Haya ni ya kuamuliwa wakati vyombo vyenyewe bado vinahesabika kwa vidole. Hali kadhalika fundi wetu wa baiskeli chini ya mwembe, anayejua kila njugu ya baiskeli ya chuma, anahitaji mtu wa kumfundisha namna ya kuifungua mota hii na kuilinda na chumvi ya bahari.

Na wanaoagiza wangeagiza yenye keria. Zipo, zimetengenezwa kwa ajili ya mizigo, nzito zaidi na zisizopendeza katika picha za wageni. Hizo ndizo ambazo ningependa kuona Idara zinazohusika zikizijaribu kwanza, mkononi mwa mkunga, bwana shamba na mchuma karafuu, kabla ya hoteli.

Tulifika Konde jua likikaribia kuzama. Barazani, karafuu mbichi zilikuwa zimemwagwa juu ya jamvi, na watoto na wanawake wamezizunguka wakichambua. Mzee wetu alikuwa miongoni mwao. Alinitazama nikisukuma.

"Imelala?"

"Imelala, babu."

Akainuka, akapangusa mikono, akashika kiti kwa nyuma akanisaidia kuisukuma mpaka kwenye nyumba ya rafiki yangu, ambako tuliichomeka ukutani. Ilichukua saa nne na nusu kujaa.